Nungunungu Habebi Chake

Jamani, nije na mzigo?
"Njoo nao!"
Niutue wapi?
"Utue hapa katikati yetu!"
Nani atanisaidia kuufungua?
"Sisi sote!"

Zamani, zamani sana, palikuwa na mlima wenye jiwe la chumvi kileleni. Kila mwaka nyasi zilipokauka, wanyama walifunga mizigo, wakapanda na watoto wao, wakalala huko siku kadhaa wakilamba chumvi. Kileleni hapakuwa na nyumba wala shimo. Ulichosahau nyumbani, ulikikosa.

Basi wakajitayarisha nungunungu. Walikuwepo Baba Mwinyikombo, mkewe Mize, binti yao Kijoli, na Bibi Sikudhani, mama yake Mwinyikombo. Mwaka uliopita Bibi alibaki nyumbani kwa sababu ya magoti. Mwaka huu alisema, "Nitailamba chumvi ile tena, hata nikifika wa mwisho."

Nungunungu walikuwa na desturi yao. Safarini, hakuna aliyebeba chake. Blanketi la Kijoli lilibebwa na Baba. Panga la Baba lilibebwa na Mama. Moto wa Mama, makaa yaliyofukiwa katika chungu cha majivu, ulibebwa na Bibi. Mkeka wa Bibi ulibebwa na Kijoli. Kabla ya kuondoka walisimama mstari, kila mmoja akamuuliza mwenzake:

"Changu unacho?"

"Ninacho!"

"Basi twende."

Jirani yao Nyani naye alikuwa anafunga mizigo. Kwake kila mtu alibeba chake, hata Tindi, mtoto wa mwisho, alikumbatia mahindi yake. Nyani alipowaona nungunungu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwinyikombo, baba mzima unabeba kiblanketi cha mtoto?"

"Nabeba."

"Na mama mzee mmemtwisha moto! Si mngemwacha nyumbani aote jua?"

Bibi akajibu mwenyewe. "Nyani, mwanangu, angalia mzigo wako. Umefunga na mkia."

Nyani akatazama nyuma. Kweli, mkia ulikuwa ndani ya kamba.

Wakaondoka. Mtoni, nyani waliwapita nungunungu wakirukaruka juu ya mawe. "Kila mtu na chake, miguu myepesi!" aliimba Nyani. Nungunungu walivuka polepole, wakasimama ng'ambo.

"Changu unacho?"

"Ninacho!"

"Basi twende."

Kijoli alikasirika. "Baba, na sisi tubebe kila mtu chake. Tunachekwa."

Baba alisema tu, "Mkeka wa Bibi umelegea. Ukaze."

Katikati ya mlima ukungu ukashuka. Hakuna aliyeiona hata pua yake. Bibi alisema kutoka nyuma, "Tangulieni, nawasikia." Wakapanda, wakapanda, wakafika kileleni.

Baba akaomba panga akate fito za kibanda. Mama akampa. Kijoli akaomba blanketi. Baba akampa. Mama akaomba moto.

Kimya.

"Mama?" Mwinyikombo alimwita Bibi.

Bibi hakuwepo. Mkeka wake ulikuwa bado mgongoni kwa Kijoli.

Nyani, aliyefika mapema, aliwasikia. "Mzee amechoka, amepumzika mahali," alisema. "Moto nitawapa mimi. Laleni, mtamtafuta kesho."

Baridi ilikuwa kali. Mama alitazama moto wa Nyani. Baba alitazama ukungu. Kijoli akasema, "Mkeka huu si wangu. Siwezi kuutua mpaka mwenyewe aje."

Wakashuka wote watatu. Walitikisa miiba, chaka-chaka-chaka, wakasikiliza. Upepo. Wakashuka zaidi, wakatikisa tena. Maji ya mto. Wakashuka zaidi, wakatikisa mara ya tatu. Kutoka chini ya mwamba ikajibu: chaka. Chaka.

Bibi alikuwa ameketi, chungu kikiwa wazi, makaa mekundu. Ubavuni mwake, upande usio na miiba, alijikunja Tindi, mtoto wa Nyani, na mahindi yake.

"Nilimkuta njiani, mguu umeteguka," alisema Bibi. "Kumbeba sikuweza. Kumwacha sikuweza."

Kijoli alikuwa analia. "Bibi, hukuogopa?"

"Niogope nini? Moto wenu ninao mimi. Mngekwenda wapi?"

Baba akambeba Tindi. Mama akamshika Bibi mkono. Walipofika kileleni, nyani walikuwa wanakula, kila mmoja na chake, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Mama Nyani aliinua kichwa.

"Tindi? Si ulikuwa na baba yako?"

"Mimi nilijua yuko na wewe!" alisema Nyani.

Mama Nyani akamkumbatia Tindi. Lakini Nyani ni Nyani. Baadaye akanong'ona, "Semeni kweli, jirani. Mlirudi kwa ajili ya moto."

"Moto ulituambia Bibi hayupo," alijibu Kijoli. "Aliyetushusha mlima ni Bibi." Kisha akautandika mkeka, akaupangusa kwa mkono, akasema, "Karibu, Bibi. Chako nilikuwa nacho."

Asubuhi wanyama wote walisogea kando, Bibi Sikudhani akawa wa kwanza kulamba jiwe. Kijoli alisimama nyuma yake, miiba imesimama wima, kana kwamba mlima ni wa kwao.

Mwaka uliofuata, nyasi zilipokauka, Nyani alitokea uani na mahindi ya Tindi kichwani.

"Nyani, baba mzima unabeba mahindi ya mtoto?" Bibi alimuuliza.

Nyani akatoa kifua mbele. "Nabeba!"

Basi, jamani, mkifunga mizigo ya safari, fungeni blanketi, fungeni panga, fungeni moto. Lakini kila mmoja abebe cha mwenzake, ili mwenzake akikosekana, ajulikane mapema.

Mzigo wangu nimeufikisha. Nani anaupokea?
"Sisi sote!"
Changu mnacho?
"Tunacho!"
Basi twende.