Udi wa Shekuwe na Kalamu ya Bi Zuwena

Mkosoa udi si mkata nyuzi. Mmeisikia methali hii ikitajwa, wanangu, mkauliza ilikotoka. Basi chimbuko lake ni hili.

Palikuwa na mpiga udi wa taarabu, Shekuwe, kijana aliyejua fika kwamba vidole vyake vina asali. Katika mji huohuo aliishi Bi Zuwena, mwalimu mstaafu, ambaye kila Ijumaa aliandika gazetini juu ya muziki aliousikia. Wasanii walimwamkia kwa adabu, kisha wakamsengenya hadi kona ya pili.

Ijumaa moja aliandika: “Udi wa Shekuwe ni mtamu, lakini haujui kunyamaza. Mwimbaji akifungua kinywa, nao unafungua.”

Mji ulicheka. Waliomwalika Shekuwe kupiga arusini Jumapili wakaanza kuulizia mpiga udi mwingine. Shekuwe akakwapua udi wake, mbio hadi kwa yule bibi.

“Umenikatia nyuzi, Bi Zuwena!”

“Mbona naziona zote? Karibu ndani, usinivunjie mlango. Wewe piga, mimi niimbe.”

“Uimbe wewe?”

“Sauti yangu ni ya kuku mwenye mafua, lakini maneno nayajua.”

Wakaanza wimbo wa mama anayemuaga binti yake. Shekuwe alipiga kwa hasira, akaremba, akapamba, akamaliza kwa mbwembwe. Alipoinua uso, Bi Zuwena alikuwa anakunywa kahawa.

“Mbona huimbi, Bibi?”

“Niliacha tangu ubeti wa kwanza, mwanangu. Hukusikia?”

Shekuwe akainamisha uso kwa aibu. “Tuanze tena,” akasema taratibu.

Safari hii alingoja. Pumzi ya bibi ilipoishia, ndipo udi ukajibu. Na maneno aliyoyafunika miaka yote yakamfikia, akajikuta anapangusa macho.

Jumapili, wenye arusi walimpa wimbo mmoja tu wa kumpima. Mama wa bi arusi alilia waziwazi, akataka urudiwe. Habari ya mpiga udi mwingine ikaishia hapo.

Ijumaa iliyofuata Bi Zuwena akaandika: “Shekuwe amejua kungoja. Sasa ajue kutokiharakisha kiitikio.”

Wenzake Shekuwe katika kikundi cha taarabu wakapandwa na mori. “Huyu bibi hatosheki! Tumfungie mlango!”

“Mumfungie?” Shekuwe akacheka. “Mwekeeni kiti mbele, karibu nami. Nyinyi mnanipigia makofi hata nikikosea. Yeye ndiye anayenisikiliza. Mkosoa udi si mkata nyuzi.”