Trekta Lililovuka Daraja la Kasyupa

Hapo zamani, zamani isiyo ya mbali, mwaka ule kakao ilipopanda bei na hata wavivu wakaezeka mabati, aliishi Kyela mjane mmoja aitwaye Bi Subilaga. Alikuwa na ekari tatu za mpunga bondeni, ng'ambo ya mfereji, na maksai wawili wa kulimia. Maksai wale wakapatwa na ugonjwa wa ndigana. Wa kwanza alikufa Jumatatu. Wa pili alimtafuta mwenzake kwa siku tatu, naye akafa Alhamisi.

Bi Subilaga hakulia. Alikaa kizingitini akauuliza mgongo wake kama utaweza kulima ekari tatu kwa jembe la mkono. Mgongo ukajibu kabla hajamaliza swali.

Ndipo akasema, "Nitanunua trekta."

Alikuwa na akiba ya kakao ya misimu minne. Haikutosha trekta jipya, lakini alikuwa amesikia kwamba Mbeya kuna matrekta madogo yaliyotumika, yanayoshushwa kutoka Ujapani. Basi akawaita watu watatu, wote wenye ekari moja moja ya mpunga bonde lile lile.

Wa kwanza alikuwa mdogo wake, Gwamaka, aliyeendesha trekta kwenye shamba la miwa miaka kumi na mmoja. Wa pili alikuwa mkwewe, Tumpale, mke wa mwanawe aliyekuwa kibarua Tunduma. Tumpale alikaanga maandazi stendi. Wa tatu alikuwa jirani yake, fundi Kasyupa, seremala mwenye goti bovu. Daraja la mbao lililovuka mfereji alilijenga yeye, na bado alilisalimia kila asubuhi.

Bi Subilaga akawaambia, "Mimi trekta silijui. Atakayenifikisha kwenye trekta linalofaa, shamba lake litalimwa mara tu baada ya langu, kabla ya la mtu mwingine yeyote."

Wakakubali wote watatu. Neno likawa neno.

Gwamaka akasema, "Dada, nunua kubwa. Trekta ni kama ng'ombe, ukubwa ndio kazi."

Kasyupa akasema, "Nunua kubwa, lakini livushe kwa njia nyingine. Daraja langu linabeba tani moja. Ikizidi hapo, linabeba lawama."

"Njia nyingine iko wapi, fundi?" akauliza Bi Subilaga.

"Hakuna."

Tumpale alisema, "Mama, mimi ningenunua maksai wengine." Lakini siku ya safari ndiye aliyetangulia kituoni.

Kasyupa hakwenda, kwa sababu ya goti. Watatu wakapanda basi hadi Mbeya, kwenye yadi ya mfanyabiashara mmoja, na huko wakakuta matrekta yamepangwa kama viti vya harusi. Mbele kabisa kulikuwa na moja jekundu, linalong'aa. Gwamaka alipoliona alivua kofia.

"Dada, hili hapa."

"Lina uzito gani?"

"Tani moja na nusu," akasema muuzaji kwa fahari.

"Na daraja?" Bi Subilaga akamuuliza mdogo wake.

"Daraja ni mbao, dada. Mbao zinaongezwa."

Bi Subilaga alilipenda. Aliuona uso wake kwenye boneti, akauona umetulia. Muuzaji akatia ufunguo, trekta likanguruma mara moja. Gwamaka akapiga makofi. Bi Subilaga akapeleka mkono kwenye mkoba.

Tumpale akapeleka mkono kwenye injini.

"Kaka, hili trekta mara ya mwisho liliwashwa lini?"

"Ah, hilo? Halijaguswa mwezi mzima."

"Mbona lina moto hivi, na umeliwasha sasa hivi tu?"

"Jua, dada."

Tumpale akatazama juu. Walikuwa chini ya bati. Akasema, "Mimi nakaanga maandazi tangu nina miaka kumi na minne. Moto wa sasa hivi na moto wa saa nzima naujua. Mmeliwasha kabla hatujafika, kwa sababu likiwa baridi haliwaki." Akakwaruza nati moja kwa ukucha, rangi nyekundu ikabanduka, kutu ikachungulia. "Mama, turudi nyumbani. Hapa hakuna trekta."

Bi Subilaga akafunga mkoba. Miguu ilikuwa inamuuma na basi la kurudi lilikuwa la jioni, basi akatafuta mahali pa kukaa. Nyuma ya yadi akaona kitu kidogo cha buluu iliyopauka, kiti kimechanika, nyuma kina jembe la visu vya kuzunguka. Akapanda akakaa. Kiti kilimtosha. Pembeni palikuwa na bamba la chuma. Maandishi hakuyajua, ila namba alizijua: kilo 780. Akalikumbuka daraja.

"Hilo usijisumbue, mama," akasema muuzaji. "Halijawahi kuwaka tangu lishuke kwenye kontena. Linauzwa kama chuma chakavu."

Gwamaka akacheka. "Hilo ni toroli, dada."

"Toroli hilo linavuka daraja. Liwashe."

Gwamaka akatia ufunguo. Kimya. Akatia tena. Kimya. Akashuka, akalizunguka, akapanda tena, akapapasa wenzo mmoja mmoja muda wa mtu kumaliza hindi la kuchoma. Kisha akasema, "Trekta hili lina adabu. Haliwaki wakati visu viko tayari kuzunguka, lisije likamkata mtu." Akasukuma wenzo mmoja ukakaa katikati, akakanyaga klachi mpaka chini kabisa, akazungusha ufunguo.

Likakohoa. Likatoa moshi mweusi, kisha mweupe, kisha likatulia likaunguruma kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea na nafsi yake.

Muuzaji akakumbuka ghafla kwamba bei ilikuwa imepanda. Lakini Bi Subilaga alikuwa ameshamwekea pesa mkononi mbele ya wateja wengine, naye akaona haya kuzirudisha.

"Umeliwasha, mdogo wangu," akasema Bi Subilaga.

"Nimeliwasha. Sijalipenda."

Lori likalishusha kwao, barabarani. Likavuka daraja, huku Kasyupa akitembea mbele yake kinyumenyume akisikiliza mbao moja moja. Gwamaka alimfundisha dada yake kuendesha siku mbili. Siku mbili zilizofuata Bi Subilaga alilima ekari zake zote tatu, na alipomaliza alishika visu vile vyenye matope kama mtu anayemshika mtoto shavu.

Siku ya tano, saa saba mchana, mawingu yalikuwa yameshuka Milima ya Livingstone. Mtu wa baiskeli akapita akipiga kelele: huko juu Mto Mbaka umefurika, kabla ya jua kuzama maji yatakuwa bondeni. Na maji ya bonde lile yakiingia hukaa miezi. Shamba ambalo halijalimwa, mwaka huo basi.

Ekari moja ilimchukua Bi Subilaga saa tatu na zaidi. Muda ulitosha ekari moja tu. Wale watatu walikuwa wamesimama mbele ya trekta.

Tumpale akasema, "Mama, bila mimi ungenunua lile jekundu. Lilinunuliwa na mtu wa Ipinda. Kila asubuhi linasukumwa na watu sita. Nimekuokoa."

Gwamaka akasema, "Kuokoa si kupata. Wewe ulisema turudi nyumbani. Bila mimi, dada angerudi na mkoba wake na mgongo wake. Hili toroli lilikuwa maiti, nimelifufua mimi."

Kasyupa akasema, "Wewe ulitaka la tani moja na nusu. Bila mimi mngetazama kilo? Daraja langu ndilo lililochagua trekta, ninyi mlikwenda kulichukua tu."

"Fundi, wewe ulikuwa unalinda mbao zako," akasema Tumpale.

"Mbao ziliniambia, nami nikawaambia."

Bi Subilaga akasema, "Nitalima theluthi ya kila mmoja."

"Dada, mtu hali theluthi ya mwaka," akasema Gwamaka. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Hilo tu ndilo walilokubaliana mchana ule.

Wakati huo huo wakasikia mngurumo nyuma yao. Gari la mnunuzi mmoja, lililovuka asubuhi likiwa tupu, sasa limejaa magunia ya mpunga wa ghala la bondeni, lilikuwa linakimbia mafuriko. Halikungoja ruhusa ya mtu. Likapanda daraja, tani mbili na ushee, likapita, likatokomea. Daraja halikulia hata kidogo.

Wote wakamtazama Kasyupa.

"Fundi," akasema Bi Subilaga polepole, "ile tani moja uliipima kwa kipimo gani?"

"Kwa macho."

"Umeona!" akasema Gwamaka. "Tungeweza kununua kubwa!"

"Kubwa lingezama kwenye tope hili hadi kwenye ekseli," akasema Kasyupa. "Nilikosea daraja, sikukosea shamba."

Bi Subilaga akawatazama. Akimlimia Tumpale, wajukuu zake wawili watakula, na bonde zima litasema ameupendelea uzao wake. Akimlimia Gwamaka, amemlipa mtu aliyetaka kumnunulia kisichofaa, na hata sasa hajalipenda alilolifufua. Lakini ndugu wa tumbo moja alikuwa huyo mmoja tu. Akimlimia Kasyupa, amelipia kosa lililomfaa; ila kati ya watatu hao, Kasyupa peke yake ndiye asiye na mtu wa kumsaidia jembe, na goti lake lilikuwa limevimba kama boga. Akatamani maksai wangekuwa hai, kwa maana maksai hawana ahadi.

Akapanda kwenye kiti kilichochanika, akaweka wenzo katikati, akakanyaga klachi, akawasha. Kushoto shamba la Tumpale, kulia la Gwamaka, mbele la Kasyupa. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani nao ulikuwa haujakata popote.

Ninyi mnaonisikiliza mmekaa pakavu, mna muda wa kubishana mpaka chai ipoe. Yeye maji yameshaingia kwenye tuta la kwanza. Basi msinizungushe, nijibuni kama mliokalia kiti hicho: aliyemzuia, aliyeliwasha, au aliyekosea vizuri, je, ni nani aliyemfikisha kwenye trekta lile, na usukani ukate wapi?