Mapigo ya Mseto ya Bi Sange

Hadithi ipo!
— Ipo wapi?
Ipo njiani!
— Ipite, sisi tumekaa.

Basi kaeni vizuri. Palikuwa na Bi Sange, yule mnyama mwenye pua ndefu, mdogo kama ngumi ya mtoto. Aliishi juu ya kilima, chini ya majani makavu, na watoto wake wawili. Mume hakuwa naye tena. Kenge alimmeza mwanzo wa mvua, akapiga mbweu, basi. Hapakubaki hata kitu cha kuzika.

Eda haijaisha, Kenge akarudi, ulimi nje, lele, lele.

"Pole na msiba, mjane. Mumeo alikuwa mtamu. Mvua ikikatika nakuja kuchukua watoto."

Bi Sange akalia. Akasali. Kisha akafuta machozi, akasema, "Ee Mola, nimekwisha kuomba. Sasa natembea."

Akaenda kwa Mzee Kakakuona. "Nifundishe kujilinda."

"Kujilinda ni kujikunja tu. Mkia mdomoni, tuli! Mengine upuuzi."

Bi Sange akajifunza: kunja!

Akaenda kwa Nguchiro.

"Kujilinda ni kung'ata tu, shemeji. Kilicho mbele ya mdomo, kishike, usiachie. Kujikunja ni kwa waoga."

Bi Sange akajifunza: ng'ata!

Akaenda kwa Punda.

"Kujilinda ni teke tu, binti. Kung'ata ni tabia mbaya."

Bi Sange akajifunza: teke!

Kila mwalimu aliwacheka wenzake. Bi Sange hakumcheka mtu. Alichukua cha huyu na cha yule, akachanganya kama mchele na choroko, akayaita mapigo ya mseto. Kila alfajiri, akishasali, majani yalisikika: kunja, kacha! Ng'ata, kwe! Teke, pu! Akaanguka. Akainuka. Kunja, kacha! Ng'ata, kwe! Teke, pu!

Mvua ikakatika. Kenge akaja anaburura tumbo, bruu, bruu. Bi Sange akasimama mlangoni.

Akajikunja. Kenge akamgeuza kwa ukucha kama andazi.

Akang'ata. "Unanitekenya," akasema Kenge.

Akapiga teke. Vumbi likapanda kidogo, likashuka.

"Ndiyo hayo tu, mjane?"

Bi Sange alikuwa anahema. Nyuma yake walikuwa watoto. Hakusogea.

"Ndiyo hayo, bwana. Mwili wangu haba. Yangeingia katika mwili kama wako, hata Mamba angekupisha, akuachie na mayai yake."

Kenge akaacha kucheka. "Mayai yote?"

"Yote."

"Nifundishe."

"Leo kujikunja. Mwezi ujao kung'ata. Teke, Mungu akipenda..."

"Yote! Leo! Kwa pamoja!"

"Haya, bwana. Bismillahi. Fumba macho. Kunja!"

Kenge akajikunja, mkia ukafika mdomoni.

"Kilicho mbele ya mdomo, ng'ata, usiachie!"

Kwacha!

"Mmm! Kuna mtu ananing'ata nyuma!" akasema Kenge, mdomo umejaa.

"Huyo ndiye adui. Kaza! Teke!"

Kenge akakaza, akapiga teke, akabiringika, biri, biri, biri, mpaka bondeni, katikati ya msafara wa siafu. Kule juu walimsikia akilia kwa pua, maana hakuachia. Mwanafunzi mtiifu.

Bi Sange akaketi. Akawaweka watoto pajani. Ndipo akamlilia mumewe vizuri, polepole, bila kutazama mlango.

Hadithi imefika kwake, imevua viatu, imelala. Na funzo lake ni hili, watoto: kupigana ni vibaya. Mkionewa, nyamazeni, mkunje mikono, msubiri. Na asiyeelewa funzo hili, hasa nyinyi wasichana, kesho baada ya swala ya alfajiri aje nyuma ya nyumba yangu, mimi bibi yenu. Aje amejifunga kanga kiunoni. Tutaanza na kujikunja.