Mize Mbebamwamba na Ukuta wa Maji Baridi

Kabla ya mlango wowote kubishwa hodi hapa Kitongoni, zama babu wa babu zetu walipotua kwenye ulimi huu wa mawe wakiwakimbia watekaji, alikuwamo Mize binti Vuai bin Shaali, Mize Mbebamwamba, aliyeinua peke yake jiwe lililowashinda wanaume watatu. Nyinyi mnaochota maji huku mkisengenyana, tulieni msikie mlikotoka.

Kazi yao ilikuwa kamba. Wanawake walifukia makumbi ya nazi katika tope la pwani, yalowe maji ya chumvi hadi yalainike, kisha wayaponde wapate nyuzi za kusokota. Ya wenzake yalitoka safi. Ya Mize yalitoka meusi, yameoza, na kamba yake haikufaa hata kufungia mbuzi. Wakamcheka. Mama yake mzazi, Bi Kijoli, akatamka mbele za watu kwamba shimo alimofukia Mize lina mkosi, wakalijaza mawe. Na Mize, pamoja na nguvu zake zote, akainamisha kichwa tu.

Ndipo mvua ikagoma. Vidimbwi walivyotegemea vikakauka, watu wakalamba umande majanini. Wakazikwa wazee, wakafuatia watoto, na kurudi bara hakukuwezekana, kwani watekaji walikuwa wameshika njia. Kibibi, binti pekee wa Mize, hakulia tena. Machozi yalikuwa yamemwisha. Mize alimtazama akajua hafiki kesho, na moyo ukamkatika.

Katika kukata tamaa kule akajiuliza, kwa nini makumbi yake tu? Chumvi ndiyo inayozuia kuoza. Basi ya kwake yalilowa maji baridi, yasiyo na chumvi. Bahari ilipokupwa akashuka pwani, akang'oa mawe ya lile shimo, akachimba kwa kucha, akaonja tope. Halikuwa na chumvi, na chini yake maji yalikuwa yakibubujika.

"Leteni mawe na udongo," akawaamuru watu. "Bahari ikirudi kabla hatujaizungushia chemchemi hii ukuta, basi tena, tumekwisha."

Wakajenga kama waliopagawa, Mize akibeba majabali yaliyowashinda wote. Lakini maji yakaanza kujaa, na upande wa bahari ukabaki mwanya ambamo kila jiwe lililotiwa lilisukumwa na mawimbi. Mize akaingia mwanyani, akaipa bahari mgongo.

"Mama, nikandike."

"Utakufa, mwanangu."

"Usipofanya hivyo, Kibibi atatangulia. Nikandike, mama, usinitazame usoni."

Bi Kijoli akamkandika bintiye kwa mawe na udongo, kiunoni, kifuani, mabegani. Kibibi akanyweshwa pale pale, na Mize akamwona akimeza. Bahari ikazidi kupanda, ukuta nao ukapandishwa, na Bi Kijoli akaufunika uso wa mwanawe kwa udongo, kwa viganja vyake mwenyewe.

Maji yalipokupwa hakuna aliyethubutu kumtoa, maana kumtoa ni kukitia kisima chumvi. Yumo hadi leo. Ndiyo sababu sisi, uzao wa Kibibi, huapa kwa ukuta ule, na mwenye kiu akija Kitongoni, awe mgeni au adui, hunyweshwa kwanza ndipo akaulizwa jina.

Wote walikunywa pale isipokuwa Bi Kijoli, aliyekinga maji ya mvua maisha yake yote. Mvua ilipogoma mara ya pili, Kibibi, sasa mwanamke mzima, alimpelekea kata ya maji ya kisima kile kitandani, akamsihi kwa machozi. Bibi akageukia ukutani, akafa na kiu yake.