Viti Viwili vya Ndege ya Baba

Jumamosi moja ya mwezi Juni, saa nne asubuhi, mama mmoja mjane wa Tabora aliteleza bombani uani kwake akaanguka. Jirani alimkuta ameketi kwenye tope, anaigombeza ndoo. Nyonga haikuvunjika. Daktari alimpima, akasema jambo moja tu: asiishi peke yake tena.

Wapendwa, huo ndio mwanzo wa mfano wangu wa leo, na sitatoka nje ya nyumba hiyo mpaka nimalize.

Mama huyo alikuwa na watoto wawili, na kila mmoja alikuwa na chumba cha kumpa. Mkubwa aliitwa Mihayo, fundi umeme, anaishi Mwanza. Mdogo wake aliitwa Kalunde, yuko Dodoma na familia yake. Wote wawili walipiga simu siku ile ile. Wote wawili walisema, "Mama, njoo kwangu." Akakataa.

"Nikienda kwa Kalunde, Mihayo hatakanyaga pale," alisema. "Nikienda kwa Mihayo, Kalunde hatakanyaga pale. Kwa hiyo mnaniambia nichague mtoto wa kumzika. Mimi nimeshazika mume, inanitosha."

Ni kweli, watoto wale walikuwa hawasemeshani tangu msiba wa baba yao. Kilichotokea msibani nitakuja kukisema. Wao wenyewe walikuwa hawajakisema. Na msidhani ukoo ulikaa kimya! Vikao vilifanyika, tena zaidi ya kimoja. Mjomba wao alifunga safari kutoka Nzega. Kalunde akasimama akasema, "Kama kuna mahali nilimkosea kaka yangu, naomba anisamehe." Mihayo naye akasimama: "Na mimi, kama kuna neno langu lilimuumiza, basi yaishe." Wakashikana mikono. Wazee wakapiga makofi. Kuku wakaliwa. Mwezi haukuisha, kila mmoja alikuwa amefunga namba ya mwenzake kwenye simu.

Hapa kuna mtu hajawahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo? Anyooshe mkono nimwone.

Mama alipoona simu hazikomi, alitoa sharti. "Njooni wote wawili. Juu ya kabati kuna ndege ya baba yenu haijaisha. Mnimalizie. Siwezi kuhama na ndege iliyo vipande vipande. Ikishaisha, nitahama."

Niwaeleze hiyo ndege. Baba yao alikuwa fundi wa ndege pale kiwanjani, enzi ambazo ndege ikitua mji mzima unajua. Rubani mmoja wa misheni, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia boksi. Ndani mlikuwa na ndege ya plastiki ya kuunga mwenyewe, ya injini mbili, vipande vimeshikana kwenye vijiti kama maharage kwenye ganda. Ikiisha ilikuwa iwe na urefu wa mkono wa mtoto.

Kila Jumapili, ibada ikiisha na chai ikinywewa, baba alitandaza gazeti sebuleni juu ya kitambaa cheupe cha mama. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Brashi zilioshwa kwenye kopo la mafuta ya taa. Nyumba nzima ilinuka gundi na mafuta ya taa, na watoto wale mpaka leo wakisikia harufu hiyo wanaona ni Jumapili.

Alianza na chumba cha rubani. Ndege hizo ndivyo zinavyoungwa: unaanza ndani, maana ukishafunga mwili, mkono hauingii tena. Dashibodi aliipaka nyeusi, kisha kwa ncha ya kijiti cha meno akaweka nukta nyeupe, moja moja, kila kipimo cha rubani na nukta yake. Kazi ya nukta hizo ilikula Jumapili nyingi.

"Baba, mbona hata hazitaonekana?" Kalunde aliuliza.

"Rubani ataziona."

"Rubani gani? Hii ndege haina mtu."

"Inao wawili," alisema baba. "Kiti cha kushoto cha Mihayo, cha kulia chako. Viti sivigusi mimi. Mtavipaka wenyewe, mtavigundisha wenyewe, siku mkiacha kugombania brashi."

Siku hiyo haikufika. Mihayo alikwenda shule ya bweni, Kalunde akafuata. Kazi, ndoa, watoto. Vipande viliwekwa kwenye kopo la biskuti, kopo likawekwa juu ya kabati. Baba aliugua, akafa. Viti viwili vilikuwa bado havijapakwa rangi.

Basi wakaja. Mihayo alifika na vichupa vya rangi, Kalunde na gundi mpya, maana ya baba ilikuwa imekauka kuwa jiwe. Mama aliketi kwenye kochi, mguu juu ya stuli, anachambua mchele. Walisalimiana kupitia kwake.

"Mama, mwambie kaka anipishe kwenye meza."

"Mwambie mwenyewe. Mimi nimevunjika mguu, si nyie midomo."

"Hujavunjika, Mama."

"Ningevunjika mngekuja mapema."

Mihayo alipaka viti. Alikuwa na mkono mzuri tangu utoto. Alipaka mbele, nyuma, ubavuni, chini, mpaka miguu midogo inayokaa kwenye sakafu ya ndege. Akaacha vikauke, akarudia mara ya pili. Hakubakiza mahali. Kalunde akaweka tone la gundi, akakiweka kiti cha kushoto mahali pake, akakishika. Wakasubiri. Alipoiinua sakafu ya ndege, kiti kilianguka mezani.

Akarudia. Kikaanguka.

"Hiyo gundi yako ni maji matupu," alisema Mihayo.

"Si yangu, ni ya dukani. Wewe ndiye unayetikisa meza."

"Nitikise meza? Mikono hii imefunga nyaya za mji mzima."

"Basi ifunge na kiti, tuone."

Mihayo akachukua gundi, akamimina nyingi, akakandamiza. Safari hii kilionekana kimeshika. Alipokigusa kwa kidole kilibanduka chepesi, kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Rangi ya miguu ya kiti ilibaki kwenye sakafu ya ndege. Kiti chenyewe kilikuwa mkononi mwake.

Mama aliinua macho kutoka kwenye ungo. "Ila nyie leo mna usafi," alisema. "Baba yenu kila Jumapili alikuwa ananimwagia unga wa rangi kwenye kitambaa changu. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Nyie mpo hapo tangu asubuhi, kitambaa bado cheupe. Ule unga ulikuwa unatoka wapi?"

Ndugu wale wakatazamana. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Alikuwa anakwangua," alisema Kalunde. "Kabla ya gundi. Kwa wembe."

"Gundi inataka plastiki," alisema Mihayo, na sauti haikuwa yake, ilikuwa ya baba. "Haitaki rangi. Panapoungana pabaki wazi."

Wapendwa, gundi ile si kama ya kubandikia bahasha. Inayeyusha plastiki kidogo, huku na huku, na pande mbili zikikutana zikiwa zimelainika zinakuwa kitu kimoja. Ukipaka rangi katikati, gundi inayeyusha rangi tu. Inashika kanzu, mwenye kanzu anaondoka zake.

"Nimepaka mara mbili," alisema Mihayo. "Leo nianze kukwangua?"

"Chini tu. Nani atapaona?"

Wakagawana. Mihayo cha kushoto, Kalunde cha kulia, wembe mmoja uliovunjwa vipande viwili. Unga wa rangi ukaanza kudondoka kwenye kitambaa. Mama akaendelea kuchambua mchele.

Sasa nitasema kilichotokea msibani. Mnajua desturi yetu. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, mtu husimama akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua lini, na mwisho, ameacha nani. Siku ile aliyesoma ni Kalunde. Alisoma, "Marehemu ameacha mjane na mtoto mmoja." Mihayo alikuwa benchi la mbele, na suti yake nyeusi. Waombolezaji walidhani ni kosa la uchapaji.

Kalunde, bila kuinua kichwa, anakwangua kiti, akasema: "Wasifu niliuandika mimi."

Mihayo aliendelea kukwangua.

"Jina lako sikulisahau, kaka. Nilikuwa nimeshaliandika. Nikalikata."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu pale pale benchini. Kalunde, wewe hujawahi kusahau jina la mtu hata la kuku."

"Sasa kwa nini hukusema? Vikao vyote vile!"

"Ningesema, ungeniuliza nilikuwa wapi baba akiumwa."

Wembe wa Kalunde ukasimama. "Ulikuwa wapi?"

"Niliwaambia barabara imekatika. Haikukatika. Niliwaambia likizo imekataliwa. Nilikuwa nayo." Akapuliza unga kwenye kiti. "Nilisikia mnamlisha kwa kijiko. Niliogopa kumwona. Hakuna sababu nyingine."

"Nilimlisha peke yangu."

"Najua."

"Kila gari likisimama nje alikuwa anauliza kama ni wewe."

Hilo Mihayo hakuwa analijua. Aliweka kiti mezani, akafunika uso kwa mikono yenye rangi. Kalunde naye alikuwa analia, hana pa kujifutia, kitambaa cha karibu ni kile cha mezani. Mjomba angekuwapo angesema basi, inatosha, shikaneni mikono tukale. Mama hakusema hivyo.

"Endeleeni kukwangua," alisema.

Wakaendelea. Walipofika kwenye plastiki, Kalunde akaweka tone moja la gundi chini ya kila kiti. Kila mmoja akashika chake kwa kidole. Kisha Mihayo akaigeuza sakafu ya ndege juu chini. Viti havikuanguka. Akaitikisa. Havikuanguka.

Na sisi, je?

Tunapeana mkono wa amani humu ndani kila Jumapili. Leo nimewaona, nimesimama hapa juu, naona vizuri. Mtu anamrukia jirani yake wa benchi, anakwenda kumpa mkono mtu wa benchi la tatu, kwa sababu yule wa karibu ana lake naye. Na tukibanwa na wazee tuombane msamaha, tunaliona neno "kama" linakuja lenyewe. Kama nilikukosea. Kama kuna mahali. Hebu niambieni, nani anaweza kusamehe "kama"? Ukimwambia mwenzako "kama nilikukosea," umemrudishia yeye kazi ya kuthibitisha. Hiyo ni rangi. Inapendeza, imepakwa mara mbili, na ukiigusa kwa kidole inabanduka.

Sisemi rangi ni mbaya. Viti vile mpaka leo vimepakwa rangi kila mahali panapoonekana, na baba yule aliipenda rangi kuliko mtu yeyote. Sisemi utoke hapa ukatangazie mtaa mzima mambo ya nyumbani kwako. Pa kukwangua ni padogo. Ni pale tu wewe na mwenzako mnapotakiwa kushikana. Lakini hapo hapakwepeki. Sema ulichofanya, kwa jina lake. Sema, nililikata jina lako. Sema, barabara haikukatika. Kisha usikimbilie kuku. Kubali kuulizwa ulikuwa wapi, na kubali kusikia jambo ambalo ulikuwa hulijui, hata likikuumiza.

Utaogopa. Sote tunaogopa, ndiyo maana tunapaka rangi. Wengine wetu tumekaa na kopo juu ya kabati tangu wazazi wetu walipokuwa hai, tunasema siku moja tutalishusha. Wiki hii, lishushe.

Mwili wa ndege ile ulifungwa saa kumi jioni ya siku ile ile, mabawa yakafuata. Mwezi Julai mama alihamia Dodoma, safari nzima ndege ikiwa mapajani mwake. Jumapili ya kwanza ya Agosti, Mihayo aligonga mlango wa Kalunde. Kalunde akafungua.