Fisi Aliyekufa ili Asipange Foleni

Paukwa!

— Pakawa!

Sikusikia. Masikio yangu nayo yamechoka. Paukwa!

— Pakawaaa!

Pakawa njia?

— Haina mwisho!

Pakawa miguu?

— Ni miwili tu!

Ndiyo hivyo, wajukuu zangu, ni miwili tu, na yangu yote imevimba. Siku tatu nimesimama jikoni arusini kwa watu nakoroga masufuria, na leo mnataka hadithi. Haya, uongo njoo, ila uje polepole. We Makame, niondolee kiwiko chako hapo.

Hapo kale, tena si kale sana, maana foleni zilikuwa zimeshaanza, alikuwako Fisi na alikuwako Nguchiro. Fisi mkubwa, shingo nene, tumbo mbele. Nguchiro mdogo, wa kubebwa kwa mkono mmoja. Na Nguchiro alimtumikia Fisi. Maji, Nguchiro. Kuni, Nguchiro. Kupika, Nguchiro. Kumtoa Fisi papasi mgongoni, Nguchiro. Mnaniuliza kwa nini? Kwa sababu Fisi alikuwa na taya. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hawakusema umpishe mpaka lini.

Siku moja Nguchiro akamaliza kazi zote. Kafagia, kateka, kapika, kaosha. Akajiambia, "Leo nalala. Siku moja tu. Nilale ubavu huu mpaka uchoke, kisha nigeukie wa pili." Akatandika majani, akaweka kichwa chini. Hata jicho halijafumba, go! go! go!

"We Nguchiro! Amka twende pwani!"

"Pwani ipi, Mjomba?"

"Kisiwani. Upepo umeniletea harufu ya pilau. Kuna arusi huko."

"Tumealikwa?"

"Pua yangu imealikwa."

"Sasa tunaondoka lini, Mjomba?"

"Tumeshaondoka. Wewe ndiye unayetuchelewesha."

Basi safari ikaanza hivyo, bila mpango, bila hata kibuyu cha maji. Ila Fisi hakusahau vyake. Akafunga mto wake, akafunga mkeka wake, akafunga na sufuria ya kubebea makombo. Mzigo ukapanda kichwani kwa Nguchiro.

Wakaenda. Nguchiro na mzigo, puu, puu, puu. Fisi na mluzi, fiu, fiu, fiu.

"Mjomba, tupumzike kidogo."

"Tutapumzika tukifika."

Wakafika njia panda. Fisi akanusa kulia, akanusa kushoto, akashika kulia. Wakaenda nusu siku nzima, wakakuta kichuguu. Njia imekwisha.

"Mjomba, tumepotea."

"Kupotea njia ndiyo kujua njia. Geuka."

Wakageuka. Puu, puu, puu. Fiu, fiu, fiu. Jua likawaka mpaka mchanga ukauma nyayo. Mara wingu, mara mvua, chwaaa! Sufuria iliyo juu ya mzigo ikajaa maji, mzigo ukawa mizigo miwili. Fisi akainama, akanywa yale maji hapo hapo kichwani kwa mwenzake, akajifuta mdomo. "Unaona?" akasema. "Safari ina baraka zake."

"Mjomba, tupumzike."

"Tutapumzika tukifika."

Njiani wakalala, maana Fisi alichoka kupiga mluzi. Yeye juu ya mkeka, Nguchiro pembeni akimfukuzia mbu. Asubuhi wakainuka tena, puu, puu, puu, mpaka wakaona bahari, na ng'ambo ya mkondo wa maji wakakiona kisiwa, kidogo, minazi imekijaa, ufuo mweupe. Na kabla ya bahari wakaona foleni.

Jamani, ile foleni! Nyumbu, Pundamilia, Kobe, Swala na watoto, kila mtu na furushi lake. Wote wanangoja pantoni. Na pantoni lenyewe ni moja tu, la magogo, linavutwa na Viboko wawili wasiojua haraka. Langoni kasimama Korongo kwa mguu mmoja, daftari ubawani, anaandika majina.

"Mko hapa tangu lini?" Nguchiro akamwuliza Nyumbu.

"Mimi tangu juzi," Nyumbu akajibu. "Kobe hatujui, tulimkuta."

Fisi akasema, "Ngojangoja huumiza matumbo," akapita kando ya watu kifua mbele mpaka langoni. Korongo hakubishana naye. Aliita tu, "Viboko!" Kiboko mmoja akafungua kinywa, aaaah, Fisi akahesabu meno yaliyomo, akarudi nyuma.

"Sheria ni moja," Korongo akatangaza. "Atakayevuka foleni kwa nguvu au kwa hila, anatoswa mkondoni kwa papa."

Fisi akakaa chini. Tumbo likaanza, ngruuu. Akamgeukia Nguchiro, na macho yake hayakuwa ya mjomba tena.

"We Nguchiro. Pilau nimelikosa, nyama nimeikosa. Jua likifika utosini kama hatujavuka, nakula wewe."

Nguchiro akatazama jua. Lilibakisha kidogo tu. Moyo ukamwenda mbio, kwa uchovu tena, moyo wenyewe ulikuwa umechoka kwenda mbio.

Wakati huohuo Tumbili wakaja wamebeba machela ya fito, juu yake babu yao, marehemu, kafunikwa shuka. Wanakwenda kumzika kwao kisiwani. Korongo akashusha mguu wa pili, ndiyo heshima yake, akapaza sauti: "Msiba unapita! Wapisheni!" Foleni ikafunguka, huku na huku. Hakuna aliyeguna. Tumbili wakaingia pantonini kwanza, wakavushwa.

Nguchiro akaona. Akamsogelea Fisi sikioni.

"Mjomba, njia imepatikana. Kufa."

"Nini?"

"Kufa kidogo tu, mpaka ng'ambo. Unalala, nakufunika, nalia, tunapita. Lakini umesikia sheria. Ukifumbua jicho kabla ya pilau, ni papa."

Fisi aliyependa misiba ya watu wote hakuwahi kufikiria wake. Akawaza pilau, akajinyoosha, akafa.

Nguchiro akamviringisha ndani ya mkeka, akamfunga kamba huku na huku, akatupa mto na sufuria chini, akashika kichwa. "Uwiii! Mjomba wangu! Uwiii! Nani atanituma maji?"

Foleni yote ikageuka. "Pole, dada! Pole!" Korongo akashusha mguu wa pili. Nguchiro akainama kuubeba ule mto na ile sufuria, mazoea, mnajua. Nyumbu akamshika mkono.

"Weka chini, dada. Mfiwa habebi."

Nguchiro hakuelewa. "Mzigo huu ni wangu."

"Leo si wako," akasema Nyumbu. Akaubeba yeye. Pundamilia na Swala wakaishika maiti, na Korongo akaandika daftarini: Fisi, maiti, kuvuka.

Pantoni likaondoka. Chubwi, chubwi, Viboko wakivuta. Watu wakamkalisha Nguchiro kivulini. Huyu akatoa muhogo wa kuchoma, "Kula, mfiwa." Yule akatoa dafu, "Kunywa, mfiwa." Harufu ya muhogo ikaingia mkekani. Tumbo la Fisi likaamka, ngruuu!

"Mh!" Pundamilia akaruka. "Maiti ananguruma!"

"Ni tumbo tu," Nguchiro akasema huku akifuta machozi. "Marehemu na tumbo lake walikuwa hawasikilizani. Halijaambiwa bado."

Watu wakatikisa vichwa. Mkeka ukanong'ona, "Nguchiro, njaa!"

Nguchiro akainama kama anambusu marehemu. "Utakula tukifika, Mjomba."

Wakafika. Mchanga wa kisiwa kile mweupe, laini, umeoshwa na maji kupwa. Wageni wote wakasema, ah, uzuri gani huu. Nguchiro hakuona uzuri. Aliona kitanda.

Mwenyeji wa ufuo alikuwa Bi Kasa, kobe wa baharini, mkubwa, mzee, macho yamejaa maji siku zote. Akaja polepole, akatandika mkeka wake mwenyewe chini ya mti wa mkadi. "Njoo ulale, mwanangu," akamwambia Nguchiro. "Hapa kwetu mfiwa hashiki kitu siku tatu. Hata kata ya maji hashiki. Pumzika."

Basi hapo, wajukuu zangu, Nguchiro akalia. Si kile kilio cha langoni. Alilia kweli, maana tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Na Fisi mle mkekani akasikia, akajisemea, "Kumbe ananipenda."

Kwenye ufuo ule wazishi ni Kaa. Wakaja arobaini, wakaanza kuchimba. Chaku, chaku, chaku!

"Nguchiro," mkeka ukanong'ona, "wanafanya nini hao?"

"Wanachimba jiko la pilau, Mjomba."

Chaku, chaku, chaku!

"Mbona linakwenda chini sana?"

"Sufuria ni kubwa, Mjomba."

Udenda ukatoka mkekani, to, to, to. Kaa mmoja akauona, akasema maiti huyu kafa na hamu. Wakamwinua, wakamshusha. Fisi akajua anawekwa jikoni karibu na chungu. Akafungua kinywa tayari, na badala ya pilau ukaingia mchanga. Pfuu! Kamba zikakatika, Fisi akaruka juu.

"Mimi mzima! Pilau liko wapi?"

Kaa mkubwa akasema, "Arusi ilikuwa juzi." Kisha akaelewa, akainua magando. "Ulivuka foleni kwa jina la maiti?"

"Si mimi!" Fisi akapiga kelele. "Huyu! Huyu Nguchiro ndiye aliyeniua!"

Macho yote yakamgeukia Nguchiro. Na mkondoni papa walikuwa wanazunguka. Hapo Nguchiro angeweza kutunga uongo mwingine. Alikuwa nao, miwili mitatu, mizuri tu. Lakini uongo nao ni kazi, na yeye alikuwa amechoka. Akabaki amekaa kwenye mkeka, akamtazama Bi Kasa.

"Kweli, Bibi. Sijafiwa. Nimechoka tu."

Kaa wakamshika. Bi Kasa akasema, "Ngojeni." Akasogea, pole, pole, akamwinamisha Nguchiro kichwa. Katikati ya utosi hapakuwa na unyoya hata mmoja. Mzigo umekwangua mpaka ngozi imekuwa ngumu, inang'aa. Akamtazama na Fisi, tumbo lake, mgongo wake laini.

"Huyu ni mfiwa," Bi Kasa akasema.

"Kafiwa na nani?" Kaa mkubwa akauliza. "Maiti huyu hapa anadai pilau!"

"Kafiwa siku nyingi. Ila hakuna aliyemtandikia mkeka. Haya, mwacheni. Matanga siku tatu. Nani anapika?"

Nyumbu akaenda kuokota kuni.

Fisi wakamtosa mkondoni. Papa wakaja, wakamzunguka, wakamnusa, wakaenda zao. Akakokotwa na Viboko kurudi bara, mto na sufuria kichwani kwake, puu, puu, puu, akawekwa mwisho wa foleni. Akapanga. Siku ya tatu akafika langoni.

"Jina?" akauliza Korongo.

"Fisi."

Korongo akafunua daftari. "Fisi alishavuka, maiti. Mtu haendi kaburini mara mbili. Nyuma!"

Akarudi nyuma. Akapanga tena. Jina? Fisi. Nyuma! Mpaka leo mkisikia Fisi analia huko porini, uuu-wiii, si njaa ile. Anauliza kama foleni imesogea.

Na Nguchiro? Siku ya kwanza alilala ubavu huu. Siku ya pili akageukia wa pili. Siku ya tatu akaamka, akaona vyombo, akanyoosha mkono. "Nioshe hivi tu?"

Ufuo mzima ukapiga kelele, Kaa arobaini, Nyumbu, Bi Kasa: "Lala!"

Akalala.

Njia yangu imekatikia hapo, mimi narudi, nyie endeleeni. Ikiwa tamu, mmeionja wenyewe. Ikiwa chungu, mpishi kachoka.

Na funzo? Lazima liwepo, mama zenu wataniuliza niliwafundisha nini mchana kutwa. Funzo ni hili: uongo haufai, foleni iheshimiwe, na mtu mwema hufanya kazi bila kupumzika mpaka afe. Mmesikia vizuri? Haya, tokeni nje mkacheze. Na akija yeyote kuniita nikakoroge sufuria, mwambieni Bibi kafiwa.