Matunda Matatu ya Mkonde

Sogeeni karibu, jamani, na mwenye sikio alitege.

Hapo kale mlimani aliishi mama aitwaye Nakijwa. Binti yake wa pekee, Namkunda, alikufa kwa homa. Nakijwa alilia, akalia, akalia, kisha akapanda msituni kwa zimwi lililolinda mkonde, mti wa matunda ya njano yenye uchachu.

“Niondolee uchungu huu,” akasema.

Zimwi likachuma matunda matatu. “La kwanza huondoa uchungu, la pili huondoa sura ya mtoto, na la tatu huondoa jina lake.”

Nakijwa akala la kwanza. Machozi yakakauka, na kifua kikawa kitupu. Kwa kuwa hakuumia tena, hakuona sababu ya kukataa la pili. Akalila, na sura ya mtoto ikafutika.

“Malizia,” likasema zimwi.

Alipoinua la tatu, mumewe akaita kutoka bondeni, “Mama Namkunda! Mama Namkunda, rudi nyumbani!”

Nakijwa akawaza: nikilila hili, sitajua ni nani anayeitwa. Akalirudisha mikononi mwa zimwi, akashuka.

Tangu siku hiyo hakulia wala hakucheka. Ila kila jioni, wakikaa jikoni, alimwuliza mumewe, “Baba Namkunda, mtoto wetu alikuwaje?”

“Alikuwa na mwanya, na kovu gotini,” mume alijibu huku akilia.

Nakijwa alimsikiliza kwa macho makavu. “Nieleze tena,” alisema.

Nami nawaacha hapo hapo, jikoni kwao.